Mitende ya Mwezi Mmoja

Kazi yangu ni kuuza miche. Nimeifanya kando ya barabara ile ile kwa muda mrefu mpaka wateja wamesahau jina langu, wananiita Mama Miche, nami naitika. Kazi hii humfundisha mtu kuwasoma watu. Anayejenga ili akae huuliza mizizi itaelekea wapi, kivuli kitaangukia wapi mchana, na watoto wakipanda juu matawi yatawahimili au hapana. Mpangaji huchukua maua ya kwenye kopo, maana kopo huhamika. Na wapo wanaotaka mti mkubwa leo hii, wenye majani tele, wala hawaulizi habari za kesho. Hao huwa wana harusi nyumbani, au wana lao jambo.

Nayajua haya yote kama ninavyojua njia ya chooni kwangu. Lakini aliyekuja asubuhi ile alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na ndugu humpimi kwa kipimo cha wateja. Tulipokuwa wadogo tulimpa jina la Mkurugenzi, kwa sababu ukija mzigo wa kubeba yeye ndiye aliyekuwa akituonyesha pa kuuweka. Jina likamkaa, na baadaye akapata ofisi ya kulistahili.

"Nataka kumpendezeshea mama nyumba," akasema. "Ule ua umekaa kama kiwanja kisicho na mwenyewe."

Nilifurahi, sitaficha. Nyumba ile aliijenga baba, na kabla hajafa aliiandika kwa jina la kaka, kama mkubwa wetu, ili tusije tukagombana. Hatukugombana. Mama alibaki humo na goti lake bovu, kaka akahamia kwenye ghorofa katikati ya mji, nami nikawa napita kwa mama kila jioni nikifunga kitalu, kwa sababu nakaa mtaa wa pili tu. Miaka yote hiyo kaka alikuwa akija kwenye msiba, na akitoka msibani alikuwa na haraka. Sasa anataka kupanda miti. Nikajiambia, damu nzito kuliko maji.

Tukaenda kwa mama kuangalia ua. Mama alikuwa kibarazani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anachambua maharagwe na kutusikiliza.

"Hapa mitende ya mapambo," kaka akasema, akichora kwa kidole kutoka getini mpaka mlangoni. "Huku na huku. Mikubwa. Mtu akifungua geti aone njia."

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Mtu yeyote. Mgeni. Na huu mpera uondoke, unaziba nyumba. Kutoka barabarani haionekani."

Mama akacheka. "Ionwe na nani, mwanangu? Mafundi wa maji wanaijua, na wezi walishakuja."

Kaka naye akacheka, lakini hakubadilisha neno. Mama akaweka ungo pembeni. "Haya, mpera ukateni, umezeeka, mapera yake yenyewe yana wadudu. Mimi naomba kitu kimoja tu. Pale dirishani kwangu nataka mti wa mkungu, unipe kivuli. Jua la alasiri linaingia mpaka kitandani, nahamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Mkungu unachelewa, mama," nikasema. "Mpaka ufike dirishani utasubiri sana."

"Nitasubiri. Kwani naenda wapi?"

Kaka akainama kufunga kamba ya kiatu. "Mkungu unapukutisha majani," akasema akiwa bado chini. "Unachafua ua."

"Nitafagia."

"Na goti je?"

"Fagio halishikwi kwa goti," mama akajibu, akarudi kwenye maharagwe yake. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba viatu vya kaka havikuwa na kamba.

Nyuma ya kitalu changu nina safu ya mitende niliyoipanda ardhini nilipokuwa naanza kazi. Ni mirefu kuliko mtu, majani yake yameinama vizuri kila upande, na watu hupunguza mwendo wakipita ili waione. Kaka aliizunguka safu nzima, akachagua ile iliyojaa zaidi. Nikamweleza jinsi inavyohamishwa. Mtende mkubwa haung'olewi kama mchicha. Unauzungushia jembe, unakata mizizi ya upande mmoja, unauacha utoe mizizi mipya karibu na shina, kisha unakata upande wa pili. Siku ya kuhama unapunguza nusu ya majani na yaliyobaki unayafunga juu, ili mti usitoe jasho jingi kuliko maji unayoyapata.

"Yote hayo mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka mvua zianze."

"Siwezi kungoja mvua. Ng'oa kesho. Na majani usiyaguse. Mimi nanunua majani, sinunui kisiki."

"Majani yote hayo yatakunywa nini, na mizizi umeikata? Mti utakufa, kaka."

"Utakufa baada ya muda gani?"

Katika miaka yangu yote ya kuuza miche hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Watu huuliza mti utaishi muda gani. Nikamtazama usoni, yeye akatazama barabarani.

"Mwisho wa mwezi utakuwa bado kijani?" akauliza tena.

"Huenda."

"Basi. Mwisho wa mwezi unatosha."

Nikaliweka jembe chini. "Unauza nyumba," nikasema.

"Nani amekuambia?"

"Wewe, sasa hivi."

Akavuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia na suruali yake ile ya ofisini. Hapo nikajua ni kweli, maana Mkurugenzi hakai juu ya ndoo. Akasema biashara imemlalia. Akasema mama hawezi kuendelea kukaa peke yake na mguu ule, jambo nililokuwa nikimwambia mwenyewe kila mwaka, na sasa alinirudishia maneno yangu kana kwamba ni hati. Mama atahamia kwake. Chumba kipo, kina dirisha, kina televisheni.

"Ghorofa ya tatu," nikasema. "Lifti haijafanya kazi tangu mhamie."

"Atazoea."

"Goti halizoei ngazi. Atapanda mara moja, na kushuka itakuwa siku ya kubebwa."

"Basi mchukue wewe."

Alijua anachosema. Kwangu ni vyumba viwili, na watoto wangu wanalala kwa kupangana. Mama angelala sebuleni, katikati ya ndoo na viatu vya watu. 

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nitamwambia. Nikipata mtu wa uhakika. Kwa nini nimvunje moyo mapema, na pengine mnunuzi mwenyewe hatapatikana?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na wewe unamchelea mama."

"Ni jambo langu kulisema," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Usinitangulie. Nipe mpaka Jumapili."

Ningeweza kumfukuza kitaluni. Nililifikiria hilo. Lakini vitalu ni vingi mjini, angenunua kwingine kwa mtu asiyejali, na mimi nisingepata hata sababu ya kuwa pale mama akiambiwa. Na kusema kweli niliogopa. Kumwambia mama habari ile kwa mdomo wangu ni kazi niliyotaka mwingine aifanye. Nikakubali. Jumapili, nikamwambia, isipite hata saa moja. Akaapa.

Tulipanda kesho yake. Kibarua niliyemkodi kuchimba mashimo alikata mpera kwanza, kisha akachimba kila upande wa njia, akilalamika kwamba udongo umekauka mpaka sururu inaruka. Mitende ilifika juu ya gari la mkokoteni, majani yote yakiwa wazi, yakipiga kelele kwa upepo. Nilijaza samadi, nikashindilia, nikamwagilia mpaka shimo likakataa maji. Nilifanya kila kitu ninachojua, huku nikijua hakitasaidia. Sijawahi kupanda mti kwa moyo mzito namna ile. Tulipomaliza nikachukua mche wa mkungu, mdogo, haufiki hata gotini, nikauchomeka chini ya dirisha la mama bila kumuuliza mtu. Kaka aliniona.

Mama alisimama mlangoni akijishika kwenye fremu, akatazama njia yake mpya. Machozi yakamtoka.

"Baba yenu angekuwepo," akasema.

Kaka akasema ana mkutano, akaondoka.

Jumapili ilipita. Jioni nilipofika kwa mama nilimkuta amekaa kibarazani na majirani wawili, akiwasimulia. "Wenzangu watoto wao huwaletea vitenge, vinachakaa. Wangu kanipandia miti." Jirani mmoja, mwanamke ambaye hajawahi kusifu kitu bila kukitafutia kasoro, akasema inapendeza kama hoteli. Mama akanigeukia, akaniambia kwamba nilikuwa nikimsema kaka yangu bure miaka yote. Nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Nilimpigia kaka simu. Akasema wiki hii. Nikampigia tena, akasema hilo si jambo la kulisemea kwenye simu, atakuja. Hakuja. Nikamtumia ujumbe, akanijibu kwa picha ya mikono iliyokunjwa kuomba.

Mpira wa maji wa pale nyumbani ulikuwa umepasuka zamani, kwa hiyo mama alikuwa akimwagilia kwa jagi. Analijaza kwenye bomba la jikoni, anapita akijishikiza ukutani mpaka kibarazani, anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mbovu, anafika kwenye mtende, anamimina, anarudi. Kila jioni nilimkuta pindo la gauni limelowa na pumzi zimemwishia. Nilimwambia aache, mimi nitamwagilia nikija. Akasema mti mgeni una kiu ya asubuhi pia, na hilo nilimfundisha mimi.

"Na mkungu?" nikamuuliza siku moja, kwa kuwa udongo wake ulikuwa mkavu.

"Huo wako ni mtoto wa nyumbani," akasema. "Utajitafutia."

Nilicheka, kwa sababu yeye alicheka. Nikiwa njiani kurudi kwangu neno lile lilinichoma.

Ncha za majani zilianza kugeuka rangi ya chai. Kisha rangi ikapanda. Mtende wa mwisho, ule wa karibu na geti, ndio uliotangulia, majani yake ya chini yakajikunja na kuning'inia. Mama alinisubiri mlangoni siku ile, hata salamu hakunipa.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama."

"Basi mbona inakauka? Si wewe husema mti hufa kwa mtu asiyejali?"

Nilisema hivyo, ndiyo. Nimewaambia wateja wangu mara nyingi, nikijiona nina hekima. "Ni jua," nikamjibu. "Jua la mwaka huu ni kali."

"Ule wa mwisho kuna siku sikuufikia," akasema kwa sauti ndogo. "Goti lilikataa. Nilifika katikati nikarudi. Nadhani ndiyo siku yenyewe."

Nilifungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari. Lakini akanishika mkono, akaniomba jambo. "Usimwambie kaka yako. Atasema nimepewa miti tu, hata kuitunza nimeshindwa. Nipe siku kidogo, nitaiongezea maji."

Basi nikawa katikati, huku mtoto amenifunga mdomo asijue mama, huku mama amenifunga mdomo asijue mtoto. Nikampigia kaka nikiwa bado barabarani, nikampa maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia mama anazeekea kwenye jagi kwa ajili ya miti aliyoipanda ife. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole ulionitia hasira zaidi, kwamba mtu wa uhakika amepatikana, atakuja na mke wake Jumamosi kuangalia, na kwamba wakishaondoka atakaa na mama na kumweleza yote.

"Mwambie mama ni wageni wangu," akasema.

"Mwambie mwenyewe."

Akamwambia. Akampigia simu, akasema anakuja na wageni, na mama akafurahi kana kwamba ametangaziwa harusi.

Jumamosi niliwahi kufika. Mama alikuwa amefagia ua, amevaa gauni lake la kutokea, na vikombe vya kabatini vilikuwa mezani. Halafu nikaiona mitende. Alfajiri ile alikuwa amechukua kisu cha jikoni na kukata kila jani lililokauka, moja moja, ili wageni wasiyaone. Yalikuwa yamebaki mashina, kila moja na kishungi kidogo juu kilichopauka. Mkurugenzi alikuwa amekataa kununua kisiki, na sasa alikuwa navyo njia nzima.

Gari liliingia. Kaka alishuka, akaiona mitende, akasahau kufunga mlango. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye miwani aliyoipandisha kichwani. Akasalimia kwa heshima, akaanza kugonga kuta kwa vifundo vya vidole, kaka akimfuata na kumweleza habari za paa. Mke wake alikuwa mjamzito, tumbo limeshamshinda, akabaki uani akipigapiga mgongo wake. Mama akashuka ngazi kumwendea. Nikashuka nyuma yake.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia. "Samahani kwa hii mitende. Ilikuja mizuri, mikubwa, yenye majani mpaka chini. Mwanangu aliipanda kwa mapenzi yake. Ni mimi. Mguu huu, kuna siku sikuweza kuifikia yote. Usimwone yeye kuwa mtu asiyejua kupanda."

Kaka alikuwa amesimama kibarazani na mnunuzi. Alisikia kila neno.

Yule mwanamke alitabasamu. Alikuwa na uso mwema, na ndio maana siwezi kumchukia. "Wala usijali, mama," akasema. "Sisi hii tungeing'oa tu. Mume wangu anataka hapa pawe pa kuegesha gari."

"Mngeing'oa," mama akasema.

"Tukishahamia."

Mama alitazama mitende, kisha nyumba, kisha akamtazama yule mwanamke tumboni, muda mrefu. Yule mwanamke tabasamu likamfutika. Akageuka kwa kaka. "Si ulituambia mama yako ameshakubali?"

Mume wake akaishusha miwani machoni, akaipandisha tena. Nilisogea nimshike mama kiwiko, akakiondoa.

"Na wewe ulijua," akaniambia.

"Nilijua, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei. Nilitaka anitukane. Akamrudia yule mwanamke. "Mnahamia lini?"

"Mama, bado hatujakubaliana kitu," kaka akasema kutoka kibarazani.

"Sijakuuliza wewe."

Yule mwanamke alikuwa karibu kulia. Akasema walipanga kuhamia kabla mtoto hajazaliwa. Mama akasema ni vizuri, mtoto akizaliwa kwenye nyumba yao ni vizuri. Akamwambia asisimame juani, akae kibarazani, kigoda kipo. Kisha akapanda ngazi, akitanguliza mguu mzima na kuuvuta ule mbovu, akijishika ukutani. Alipofika mbele ya kaka akasimama kuvuta pumzi. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamwekea mkono kifuani, akausawazisha ukosi wa shati lake, akamwambia bila hasira yoyote, kwa sauti aliyokuwa akimwambia nayo anywe dawa alipokuwa mdogo:

"Ungeniambia tu, baba. Nisingejisumbua kuchota maji."

Akaingia ndani kuwaletea wageni chai. Tulimsikia akipanga vikombe kwenye sinia, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumfuata.